Kesi husikilizwa hadharani: je, siri ya aliyetendewa uhalifu inalindwa vipi?

Na Mwandishi Wetu

KANUNI ya kwamba haki isitendeke tu, bali pia ionekane ikitendeka, ni miongoni mwa nguzo kuu za mahakama popote penye utawala wa sheria. Ndiyo maana milango ya chumba cha mahakama huachwa wazi, waandishi wa habari hupewa nafasi ya kukaa na kuandika, na hukumu husomwa kwa sauti mbele ya watu. Hakimu anayejua kuwa anatazamwa huwa mwangalifu zaidi, na shahidi anayejua kuwa anasikika huogopa kusema uongo.

Hata hivyo, katika kesi ya jinai kuna mtu mmoja ambaye hakuchagua kuwapo hapo. Mshtakiwa amefikishwa kwa tuhuma za tendo lake, hakimu na mawakili wako kazini, lakini aliyetendewa uhalifu ameletwa na balaa la mwingine. Anaposimama kizimbani hutakiwa kueleza mambo ambayo pengine hajamweleza hata mama yake mzazi. Maneno hayo huandikwa, hupigwa chapa, huingizwa katika jalada, na mengine huishia katika hukumu ambayo kila mwenye simu ya mkononi anaweza kuisoma.

Swali linalozidi kuzikabili mahakama za Tanzania, na za nchi nyingine nyingi, ni hili: kumbukumbu za haki ziwe wazi kwa kiasi gani bila kumuumiza mara ya pili yule aliyekwisha kuumizwa?

Kilichomo ndani ya jalada

Ili kuuelewa ukubwa wa jambo hili, ni vema kutazama safari ya taarifa za mtu tangu anapofika kituo cha polisi. Kwanza huandikwa maelezo yake: jina, umri, kabila, dini, makazi na kazi. Akiwa ameumia hupewa fomu ya polisi namba tatu, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza kwa kueleza hali ya mwili wake. Katika kesi za kubaka, fomu hiyo huweza kubeba hata majibu ya vipimo vya ujauzito na vya virusi vya Ukimwi.

Baada ya hapo huja hati ya mashtaka. Hii hutaja jina la aliyetendewa kosa, mahali na tarehe. Kesi ikianza, ushahidi wake huandikwa katika mwenendo wa shauri. Kama ni mtoto, mzazi huitwa kuthibitisha umri, na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki hupokewa kama kielelezo. Mwisho wa yote ni hukumu, ambayo hurudia kwa muhtasari yote yaliyosemwa ili kuonyesha sababu za uamuzi.

Katika makosa ya kujamiiana uzito wa ushahidi huo ni mkubwa zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi wa mwaka 2006 ambao hadi leo hunukuliwa sana, ilieleza kuwa ushahidi wa kweli katika kosa la kubaka sharti utoke kwa aliyebakwa mwenyewe. Maana yake ni kwamba anayesimulia kwa uchache huhatarisha kesi yake, na anayesimulia kwa ukamilifu huacha nyuma yake kumbukumbu yenye kila kitu.

Ukuta wa karatasi umebomoka

Zamani jalada hilo lilikuwa na ulinzi wake wa asili. Lilikaa masjala, limefungwa kwa kamba, likipata vumbi. Aliyetaka kulisoma alipaswa kusafiri hadi mahakamani, kumwona karani, kueleza haja yake na kulipa ada. Hukumu chache zilizochapishwa katika vitabu vya taarifa za sheria zilikaa katika maktaba za mawakili na vyuo vikuu. Siri ilikuwa hadharani kisheria, lakini kiutendaji ilikuwa mbali na macho ya watu.

Mahakama Kuu ya Marekani ililiona jambo hili mapema. Katika uamuzi wake wa mwaka 1989 kuhusu kumbukumbu za uhalifu zilizohifadhiwa na polisi wa shirikisho, ilisema kuna tofauti kubwa kati ya taarifa zilizotawanyika katika majalada ya mahakama mbalimbali na taarifa hizo hizo zinapokusanywa mahali pamoja na kupatikana kwa urahisi. Kwamba jambo liliwahi kuwa wazi mahali fulani si sababu ya kusema kuwa mhusika hana tena faragha.

Leo hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ya Tanzania hupatikana bila malipo katika mtandao wa TanzLII unaoendeshwa na Mahakama yenyewe. Kenya nayo ina hazina kubwa ya hukumu inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Taarifa za Sheria, yaani Kenya Law. Hatua hizi zimefanya makubwa. Wakili wa Sumbawanga anaisoma hukumu ya Dar es Salaam pasipo kupanda basi, mwanafunzi haitaji tena kugombea kitabu kimoja maktaba, na raia anaweza kuwapima majaji kwa kazi yao.

Lakini urahisi huo hauchagui msomaji. Anayesoma anaweza kuwa wakili, na anaweza pia kuwa jirani, mwajiri, mchumba au mwanafunzi mwenzake. Chukulia mfano wa msichana aliyebakwa akiwa darasa la tano. Miaka kumi na mitano baadaye ameomba kazi, na afisa mwajiri anaandika jina lake katika kompyuta. Kama hukumu ililitaja, jambo alilotendewa akiwa na umri wa miaka 11 linaweza kuwa la kwanza kujulikana kumhusu, kabla hata ya cheti chake cha chuo.

Lipo pia suala la lugha. Kwa miaka mingi hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na hilo liliwaweka mbali wananchi wengi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mabadiliko hayo ni ushindi kwa wananchi ambao walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoijua. Lakini kadiri hukumu zinavyozidi kuandikwa kwa Kiswahili, ndivyo siri zilizomo zinavyozidi kueleweka kijijini na mtaani. Ulinzi wa majina kwa hiyo unahitajika zaidi sasa kuliko wakati wowote uliopita.

Sheria inasemaje?

Si kweli kwamba sheria zetu zimenyamaza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, huku ibara ya 18 ikilinda haki ya kupata habari. Haki zote mbili ni za kikatiba, na hakuna iliyopewa ruhusa ya kuimeza nyingine.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 186(3), iliagiza kuwa ushahidi katika kesi zote za makosa ya kujamiiana upokewe faraghani, na kwamba ushahidi huo na mashahidi wake wasitangazwe katika gazeti wala chombo kingine cha habari. Kifungu hicho kiliacha mlango mmoja: taarifa za sheria zinazochapishwa kwa nia njema, pamoja na majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari.

Msamaha huo uliandikwa kwa kufikiria kitabu kizito kilichokaa katika rafu ya wakili. Mtandao wa hukumu nao ni taarifa ya sheria, lakini wasomaji wake ni dunia nzima. Hapo ndipo pengo lilipojitokeza: gazeti lilizuiwa kulitaja jina, ilhali hukumu yenye jina hilo hilo iliweza kusomwa na kila mtu.

Desemba 2018 Jaji Mkuu alitoa waraka kuhusu kulinda faragha ya wahusika, waathirika na mashahidi ambao utambulisho wao unapaswa kufichwa katika kumbukumbu za mahakama zinazofikiwa na umma. Tangu wakati huo imekuwa kawaida kukuta katika hukumu za makosa ya kujamiiana maneno kwamba jina la mwathirika limehifadhiwa, na badala yake hutumika herufi za mwanzo au namba yake ya ushahidi, kama vile shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka.

Aidha, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ilitungwa mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, ikiunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hii ya pili hata hivyo ina misamaha kwa mambo kama upelelezi wa uhalifu na utekelezaji wa amri za mahakama. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya utaratibu wa mahakama zenyewe.

Nani analalamika kanuni inapovunjwa?

Ugumu mkubwa haupo katika kutunga kanuni, bali katika kujua nani ataisimamia. Mara kadhaa wafungwa wamekata rufaa wakidai kesi zao zilikuwa batili kwa kuwa ushahidi haukupokewa faraghani. Mahakama ya Rufani imeeleza kuwa kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya heshima ya mwathirika, na kukiukwa kwake hakumfanyi mshtakiwa aonewe, hivyo si sababu ya kumwachia huru.

Uamuzi huo una mantiki. Lingekuwa jambo la ajabu kama mtu aliyebaka angetoka gerezani kwa sababu aliyembaka hakufichwa ipasavyo. Lakini matokeo yake yanafaa kufikiriwa. Katika mambo mengi ya mwenendo wa jinai, mahakama za chini hujirekebisha kwa sababu zinaogopa uamuzi wao kutenguliwa. Hapa woga huo haupo. Mwenye wakili na nafasi ya kukata rufaa ni mshtakiwa, naye faragha ya mwathirika haimhusu. Mwathirika mwenyewe si mhusika katika rufaa, na mara nyingi hajui hata kuwa hukumu imechapishwa. Kanuni isiyo na mlalamikaji hutegemea dhamiri ya anayeitekeleza.

Kwa nini jina lisifutwe moja kwa moja?

Wapo wanaouliza kwa nini jina lisiondolewe kuanzia polisi. Jibu ni kwamba mshtakiwa naye ana haki zake. Hawezi kujitetea dhidi ya mlalamikaji asiyemjua. Anapaswa kujua anadaiwa kumtendea nani, lini na wapi, ili aweze kusema kuwa hakuwapo, au kwamba kuna ugomvi wa siku nyingi kati ya familia mbili. Tena, jina la mwathirika katika hati ya mashtaka likitofautiana na lile lililomo katika ushahidi, kesi inaweza kuyumba.

Suluhisho linalokubalika kwa hiyo si kufuta, bali kutenganisha. Jalada kamili lenye majina hubaki mahakamani, likifikiwa na pande zinazohusika na mahakama ya rufaa. Nakala inayokwenda kwa umma huandaliwa kwa namna inayoficha utambulisho. Mshtakiwa hapotezi chochote, nao umma unaendelea kujua kosa lilikuwa nini, ushahidi ulipimwaje na adhabu ilikuwa ipi.

Kuficha jina tu hakutoshi

Uzoefu umeonyesha kuwa jina linaweza kufichwa na mtu bado akajulikana. Hukumu inayosema mwathirika ni "X", kisha ikataja shule ya msingi anayosoma, darasa lake, kitongoji anachoishi, na kwamba baba yake ndiye mwenye duka la dawa karibu na msikiti, imeficha herufi chache tu. Kwa msomaji wa mbali hayo ni maelezo ya kawaida, lakini kwa jirani ni sawa na picha.

Tatizo ni zito zaidi pale mshtakiwa anapokuwa ndugu. Hukumu ikitaja jina kamili la baba na kusema kuwa mwathirika ni bintiye wa pekee, kumwita binti huyo "X" ni mzaha. Mahakama za Kenya, katika kesi nyingi za namna hii, hutumia herufi za mwanzo hata kwa mshtakiwa, kwa sababu jina lake ndilo ufunguo wa kumjua mtoto. Baadhi ya wasomaji hudhani mkosaji analindwa, lakini anayelindwa ni mtoto.

Wenzetu wanafanyaje?

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu haki kwa waathirika wa uhalifu lilizitaka nchi zichukue hatua za kupunguza usumbufu kwao na kulinda faragha yao inapobidi. Utekelezaji hata hivyo umetofautiana.

Uingereza ilianza mwaka 1976 kuwapa walalamikaji wa kosa la kubaka kinga ya kutotajwa, na sheria ya mwaka 1992 ikaipanua kwa makosa mengine ya kujamiiana, ikidumu maisha yote ya mhusika. India iliongeza kifungu cha aina hiyo katika sheria yake ya adhabu mwaka 1983, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifafanua kuwa kinachokatazwa si jina pekee, bali maelezo yoyote yanayoweza kumtambulisha mwathirika, hata kama amefariki dunia.

Kenya, kupitia ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010, inaruhusu umma na waandishi kutolewa mahakamani inapolazimu kuwalinda mashahidi au watu walio katika mazingira hatarishi. Ibara hiyo hiyo iliagiza Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na ustawi wa waathirika, nayo ikapatikana mwaka 2014.

Afrika Kusini ilikuwa na kasoro ya kushangaza: sheria yake ilimlinda mtoto aliyeshtakiwa na mtoto shahidi, lakini haikumtaja mtoto aliyetendewa uhalifu. Desemba 2019 Mahakama ya Katiba ilisema hilo ni kinyume cha katiba, na ikaongeza kuwa ulinzi huo usikome mtoto anapotimiza miaka 18. Kwa maneno mengine, siku ya kuzaliwa isigeuke kuwa siku ya kuanikwa.

Marekani imekwenda njia nyingine. Mwaka 1975 Mahakama Kuu yake iliamua kuwa chombo cha habari hakiwezi kuadhibiwa kwa kutangaza jina la mwathirika wa kubakwa lililopatikana katika kumbukumbu za mahakama zilizo wazi. Fundisho lake ni kwamba serikali ikitaka siri itunzwe, isiiweke katika waraka wa wazi kwanza. Ndipo mwaka 2007 zikaanza kutumika kanuni za mahakama za shirikisho zinazotaka nyaraka za jinai zinazowasilishwa zimtaje mtoto kwa herufi za mwanzo tu, zioneshe mwaka wa kuzaliwa bila tarehe, na zitaje mji na jimbo badala ya anwani ya nyumba. Jukumu hilo ni la anayewasilisha waraka.

Si kesi za kubaka peke yake

Mjadala huu huelekea zaidi kwenye makosa ya kujamiiana, na kwa sababu njema. Lakini aliyevamiwa na majambazi naye ana la kuogopa. Hati ya mashtaka ya unyang'anyi hueleza mtu anakaa wapi na aliibiwa nini. Kwa mfanyabiashara, hayo ni maelekezo kwa jambazi mwingine. Mwanamke aliyepigwa na mumewe na kuhamia mtaa mwingine kwa usalama hapaswi kukuta mtaa huo umeandikwa katika uamuzi wa mahakama. Shahidi wa mauaji ya genge la wahalifu anahitaji zaidi ya shukrani za mwendesha mashtaka.

Wakati huo huo, wanaohofia usiri kupita kiasi wana hoja nzito. Mahakama inayofunga milango kwa urahisi inaweza kuficha rushwa, uzembe na upendeleo. Mkubwa aliyeshtakiwa anaweza kujificha nyuma ya kisingizio cha faragha. Wapo pia waathirika wanaotaka kusimulia yaliyowapata kwa majina yao wenyewe, na kuwanyima nafasi hiyo ni kuwanyang'anya sauti. Kwa hiyo kipimo kiwe wazi: kifichwe kile tu kinachomtambulisha aliyeumizwa, na sababu za hukumu zibaki mbele ya macho ya wote. Mtu mzima akiamua kujitaja, uamuzi uwe wake.

Nini kifanyike?

Mahakama inapaswa kuwa na mtu maalumu wa kuipitia kila hukumu ya aina hii kabla haijapandishwa mtandaoni, akiangalia jina pamoja na shule, kijiji, uhusiano na mshtakiwa na hali ya afya. Hukumu za kabla ya Desemba 2018 nazo zipitiwe upya, kwa kuwa waliotajwa humo bado wanaishi. Iwepo njia rahisi ya mwathirika au mzazi kumwandikia msajili na kuomba jina liondolewe katika nakala ya umma, bila kulazimika kuajiri wakili.

Polisi, hususan Dawati la Jinsia na Watoto, pamoja na waendesha mashtaka, wamweleze mlalamikaji tangu siku ya kwanza kuwa anayo haki ya kusikilizwa faraghani. Mzazi anayemsindikiza mtoto asione haya kumkumbusha mwendesha mashtaka aombe mahakama ifungwe wakati mtoto anatoa ushahidi.

Kwa upande wa vyombo vya habari, mwandishi asilifanye jina lililomo katika hukumu kuwa ruhusa ya kulichapa. Msomaji naye anao wajibu. Picha ya ukurasa wa hukumu inayosambazwa katika makundi ya simu humfikia mwathirika haraka kuliko barua ya mahakama, na anayeisambaza kwa kisingizio cha kumlaani mkosaji humwanika zaidi aliyekosewa.

Mtu anapokwenda polisi kuripoti uhalifu, hupima mambo mawili: faida ya kusema na gharama ya kujulikana. Mahakama ikishindwa kupunguza gharama hiyo, wengi watanyamaza, na anayefaidika na ukimya wao ni mhalifu. Kumlinda aliyetendewa uhalifu katika kumbukumbu za haki ndiko kunakompa ujasiri wa kufika mbele ya haki hiyo.